Ngorongoro Ipi? Ushauri kwa Anayetaka Kuyajua Majina na Ramani ya Karatu na Majirani Zake

Muulize kijana wa Karatu mjini makao makuu ya Wilaya ya Ngorongoro yako wapi. Usishangae akinyoosha mkono kuelekea geti la Loduare, kule magari ya watalii yanakopanga foleni asubuhi. Jibu ni Loliondo, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kenya. Kosa hilo linaeleweka, kwa sababu jina moja limebebeshwa mizigo mingi. Kuna krateri ya Ngorongoro, kuna eneo la hifadhi lililoanzishwa 1959 lenye kilomita za mraba 8,292, na kuna wilaya, ambayo ni kubwa kuliko hifadhi na inafika hadi Ziwa Natron na Loliondo. Mtu akikwambia anatoka Ngorongoro, huna budi kumuuliza swali la pili.

Manyara nayo ni hivyohivyo. Ni ziwa, ni hifadhi ya taifa, na tangu 2002 ni mkoa ambao makao yake makuu yako Babati. Anayeshuka Mto wa Mbu na kuliona ziwa hudhani ameingia Mkoa wa Manyara, kumbe bado yuko Wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha. Ukija kwenye Ziwa Magadi ndiyo utachoka: lililo ndani ya krateri ni moja, kuna jingine Serengeti, na lililo kubwa na maarufu kuliko yote liko Kenya, Kaunti ya Kajiado. Tena Mbulumbulu, kata ya Karatu, haiko Mbulu, ingawa Karatu yenyewe iliwahi kuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu kabla ya kupewa wilaya yake katika miaka ya 1990.

Makala haya ni kwa mzazi mwenye mtoto wa shule, mwalimu wa jiografia, na kijana anayesomea kuongoza watalii. Njia ninayoipendekeza ni chemsha bongo, ila si ya kutaja majina tu. Swali zuri la jiografia humlazimisha anayejibu aliweke jina mahali pake, amtaje jirani yake, na aseme maji ya hapo yanakwenda wapi. Akiweza hayo matatu, jina halimtoki tena. Asipoweza, hata akiimba mikoa yote 31 ya Tanzania bila kupumua, mpe ramani isiyo na maandishi uone atakavyopapasa.

Wengi wetu tulifundishwa kwa kuimba. Wimbo una faida yake, maana unakupa orodha. Lakini orodha haina kaskazini wala kusini. Mtoto anaweza kujua kwamba Mkoa wa Arusha una Monduli, Longido, Karatu, Ngorongoro, Arumeru na Arusha, asijue kwamba kutoka Karatu hadi Longido kwa barabara kuu unavuka Monduli. Ndiyo maana huwa siwaamini sana watu wanaojivunia kujua miji mikuu yote ya Afrika. Kuijua Ouagadougou ni jambo jema, lakini mtu wa Karatu anayeijua Ouagadougou huku hajui Mang'ola iko upande gani wa Mlima Oldeani ameanza kujenga nyumba kwa paa.

Kwa nini maswali, na si kuitazama ramani kwa muda mrefu? Mwaka 2007 watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, Shana Carpenter na Harold Pashler, walilipima jambo hili. Waliwapa watu ramani wajifunze. Ramani moja waliisoma kwa kuitazama tu. Nyingine walionyeshwa ikiwa imeondolewa kitu kimoja, wakatakiwa wakikumbuke kilichokosekana na mahali kilipokuwa. Muda wa kujifunza ulikuwa uleule. Baadaye walipoambiwa wachore kutoka kichwani, ramani waliyoulizwa maswali waliichora vizuri zaidi. Kutazama hukufanya udhani unajua, ilhali kuulizwa kunakulazimisha ukavute kitu kutoka kichwani, na huko kuvuta ndiko kunakokifanya kishike.

Mbinu yao unaweza kuifanya mezani kwako jioni hii. Nunua karatasi ya manila, kalamu ya maka, na uokote vizibo vya soda. Usianze na kata zote za Karatu, utachoka na watoto watakukimbia. Chora mifupa kwanza: barabara kutoka njia panda ya Makuyuni kupitia Mto wa Mbu, Rhotia, Karatu mjini hadi geti la Loduare; Ziwa Manyara upande wa kusini mashariki; Ziwa Eyasi upande wa kusini magharibi; krateri; Mlima Oldeani kusini magharibi mwa krateri; na Mang'ola kusini mwa mlima huo. Hivyo vinatosha kwa wiki ya kwanza. Weka mshale wa kaskazini. Andika majina kwa penseli, yasomwe, halafu mmoja ageuke ukutani wakati mwingine anafunika kitu kimoja kwa kizibo.

"Mama, hapo umefunika Eyasi."

"Sawa. Eyasi iko upande gani wa Oldeani?"

"Kusini magharibi."

"Na ukiwa Mang'ola, Oldeani utaiona upande gani?"

Hapo mtoto atanyamaza, na huo unyamavu ndio unaoutafuta. Swali la kugeuza ni gumu kwa watu wazima pia. Mtu amezoea kuiona Oldeani akiwa Karatu, yaani upande wa magharibi, na akilini mwake mlima huo ni wa magharibi milele. Ukimhamishia Mang'ola, mlima unageuka kuwa wa kaskazini. Usimpe jibu haraka. Mwache aweke kidole Mang'ola, atazame mshale, aone mwenyewe. Kila kadi ya swali utakayoandika iwe na mgongo wa namna hiyo: mbele "A iko upande gani wa B", nyuma "B iko upande gani wa A".

Majina ya kando kando ya barabara yakishakaa, nenda kwenye nyanda za juu za krateri. Huko nashauri utumie mchezo wa kusimama katikati. Mchezaji ajione yuko katikati ya krateri ya Ngorongoro, kisha aulizwe nani yuko upande gani. Magharibi kuna Lemagarut. Kusini magharibi Oldeani. Kaskazini Olmoti, na karibu yake kijiji cha Nainokanoka. Kaskazini mashariki Empakaai yenye ziwa tumboni mwake, na ukiendelea mstari huohuo unafika Ol Doinyo Lengai, volkano hai yenye urefu wa karibu mita 2,960, na mbele yake Ziwa Natron. Mashariki, ukipinda kidogo kaskazini, kuna Loolmalasin yenye zaidi ya mita 3,600, ambayo baada ya Kilimanjaro na Meru huhesabiwa kuwa ya tatu kwa urefu nchini. Hiyo ya mwisho ni swali zuri sana la kuwatega wajuaji, kwa kuwa ni wachache mno wanaoitaja. Wengi hutaja Lengai kwa sababu ya moto wake.

Sasa maji. Kama ungeniruhusu niweke aina moja tu ya swali katika chemsha bongo yote, ningechagua swali la maji, maana ndilo linaloyafunga majina pamoja. Anza hivi: kati ya maziwa haya manne, Manyara, Eyasi, Natron na Magadi ya krateri, ni lipi ambalo maji yake hufika baharini? Watu watabishana. Jibu ni kwamba hakuna hata moja. Yote ni mabonde yaliyofungwa, maji yanaingia na njia ya kutokea ni jua, ndiyo maana yamejaa chumvi na magadi. Mto Munge unatoka Olmoti na kuishia ziwani ndani ya krateri. Korongo la Oldupai huanzia upande wa maziwa Ndutu na Masek, likamwaga maji yake katika bonde la Olbalbal, basi, mwisho wa safari.

Halafu peleka swali mbali kidogo. Tone la mvua lililoanguka Serengeti upande wa Mto Grumeti linakwenda wapi? Ziwa Viktoria, kisha Mto Nile, hadi Bahari ya Mediterania. Tone lingine lililoanguka upande huu wa Oldupai halitoki hata nje ya Wilaya ya Ngorongoro. Mwanafunzi akishaelewa hilo, hahitaji kukaririshwa neno "bonde la ndani". Anajua kwa nini Mang'ola wanalima vitunguu kwa maji ya chemchemi na mifereji huku ziwa lote la Eyasi liko mbele yao. Anajua pia kwa nini msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro ukiharibika, wa kwanza kulia ni mkulima wa Karatu.

Hapo mtu atakuwa amejua majina na uhusiano wake. Ujuzi wa ramani yenyewe, yaani kipimio, kontua na namba za gridi, ni kazi nyingine, na ndipo wanafunzi wengi wa kidato cha nne hupoteza alama katika mtihani wa taifa. Shuleni watayasoma haya kwa Kiingereza. Nyumbani yaeleze kwa Kiswahili; wazo likishaingia, jina lake la darasani halitamsumbua.

Anza na kipimio, kwa kitu wanachokijua. Ramani za topografia za serikali ziko katika kipimio cha 1:50,000, yaani sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Uliza: krateri ina upana wa karibu kilomita 18, je, itaingia katika rula ya shule? Rula ina sentimita 30. Krateri itahitaji 36, kwa hiyo haiingii. Sasa chukua ramani ya ukutani ya kipimio cha 1:1,000,000. Krateri ileile imekuwa sentimita 1.8, unaifunika kwa kizibo kimoja cha soda na bado kinabaki. Nimeona walimu wakieleza tofauti ya kipimio kikubwa na kidogo kwa nusu kipindi bila kueleweka. Swali hili la rula linamaliza kazi kwa dakika chache, tena watoto wanacheka.

Kwa barabara, rula haifai kitu. Njia ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu imejikunja, na ukiipima kwa rula utajidanganya. Tumia uzi. Ulaze juu ya barabara kona kwa kona, weka alama mwanzo na mwisho, unyooshe kwenye rula, kisha piga hesabu. Shindanisha makundi mawili: nani atakaribia zaidi umbali ambao dereva wa Noah atausoma kwenye mita ya gari lake? Kundi lililopima kwa rula litashindwa, na halitasahau kwa nini.

Kontua zinaogopwa bure. Kwa ramani ya Karatu na Ngorongoro anza na maswali mawili. La kwanza: onyesha mahali ambapo mistari imebanana kuliko pote. Kidole kitaenda ukingoni juu ya Mto wa Mbu au kwenye kuta za krateri. Mistari iliyobanana ni mteremko mkali, na kila aliyepanda pale kwa lori anaujua. La pili ni la mtego. Krateri kwenye ramani ni miduara ndani ya miduara, na kilima nacho ni hivyohivyo. Utajuaje hiki ni shimo na si mlima? Usitazame umbo, soma namba. Ukingoni utakuta zaidi ya mita 2,200, ndani kwenye sakafu utakuta 1,700 na ushei. Namba zinashuka kuelekea ndani, basi ni shimo. Ukitaka kuongeza hesabu, uliza kama kuta zina kina cha mita 600 na kontua zimepishana mita 20, mtu atahesabu mistari mingapi? Thelathini. Ila kabla ya kuuliza hakikisha ramani yako imeandikwa kwa mita, kwa sababu baadhi ya ramani za zamani zina futi, na hapo darasa zima litakuwa sahihi kwa hesabu na kosa kwa jibu.

Namba za gridi zina kosa moja linalorudiwa kila mwaka: mwanafunzi anasoma wima kwanza. Mfundishe kwamba mtu hutembea kwanza kabla ya kupanda. Anatembea kwenda mashariki kwa namba za chini, halafu anapanda kaskazini kwa namba za pembeni. Tarakimu tatu za kutembea, tatu za kupanda. Tarakimu ya tatu ni sehemu ya kumi ya mraba, na kwa kuwa mraba ni kilomita moja, kila sehemu ni mita 100. Chemsha bongo yake ni rahisi: mmoja anataja tarakimu sita, mwingine anataja kilichopo pale, iwe shule, zahanati, kisima au njia panda. Kisha wanabadilishana.

Hapa nikuongezee kitu cha wale wenye simu au kifaa cha GPS kinachosoma kwa mfumo wa UTM. Longitudo ya nyuzi 36 mashariki inapita kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu. Karatu na Ngorongoro ziko upande wa kanda ya 36, Makuyuni na Arusha mjini kanda ya 37. Ukivuka pale, namba za mashariki zinaruka ghafla kana kwamba umehamishwa nchi. Kifaa hakijaharibika. Kijana anayesomea uongozaji akiulizwa hilo na mgeni mdadisi akalijibu bila kubabaika, heshima yake inapanda palepale.

Jua nalo ni mwalimu wa bure. Karatu iko karibu nyuzi 3 na dakika 20 kusini mwa ikweta, na kwa kuwa nyuzi moja ni karibu kilomita 111, hiyo ni kama kilomita 370 kutoka ikweta. Simika kijiti uwanjani, utie alama ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache kuanzia saa sita mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinacholala kaskazini–kusini. Kabla hamjaanza, uliza kitatokea saa ngapi. Wengi watasema saa sita kamili. Lakini saa zetu za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45, huku Karatu iko kwenye 35 na ushei, na jua huchukua dakika 4 kwa kila nyuzi. Kwa wastani kivuli kifupi kitakuja kama saa 6 na dakika 37. Halafu swali la nyongeza: mwezi Juni kivuli hicho kitaelekea wapi, na Desemba je? Juni jua liko kaskazini yetu, kivuli kinaelekea kusini. Desemba kinageuka. Anayejifunza kutafuta kaskazini kwa kivuli bila kulijua hilo atapotea nusu ya mwaka.

Safari za gari zisipotee bure. Badala ya kumwonyesha mtoto kitu mlichokwisha kukipita, muulize kabla hamjakifikia. Mkikaribia Makuyuni mkitoka Arusha: njia ya Karatu ni kunyoosha au kukata kulia? Kunyoosha ni kwenda Babati na Dodoma. Mkishakata: Ziwa Manyara litatokea kushoto au kulia? Kushoto, kwa sababu mnaelekea magharibi na ziwa liko kusini. Mkishapanda ukingo: mji gani unatangulia, Karatu au Rhotia? Mkitoka Karatu kuelekea getini: Oldeani itakaa dirisha la upande gani? Atakayekosea ataona kosa lake kwa macho baada ya dakika chache, na hakuna haja ya mtu mzima kumkosoa. Abiria wengine wataingilia, konda naye atatoa hoja zake. Waache. Wamepita njia hiyo mara nyingi kuliko sisi.

Katika uandishi wa majina kuna ugumu wa aina yake. Karatu ni nchi ya Wairaqw, na majina kama Qurus, Tloma na Endamarariek yana sauti ambazo herufi za Kiswahili hazizibebi zote. Ngorongoro majina mengi ni ya Kimaasai, na ramani tofauti huyaandika kwa namna tofauti: Empakaai na Embakai, Loolmalasin na Lolmalasin, Lemagarut na Makarot. Oldupai inajulikana duniani kama Olduvai kwa sababu ya makosa ya kusikia ya wageni wa kipindi cha Wajerumani, na mafuvu na zana zilizochimbwa pale zimeeneza jina hilo lenye kosa kiasi kwamba haliondoki. Ushauri wangu: mbele ya kadi andika jina kama lilivyo kwenye kibao cha ofisi ya kijiji au kata, nyuma yake andika namna nyingine zote unazokutana nazo. Mchezaji akitaja yoyote kati ya hizo apewe alama. Kuhusu kutamka, usibahatishe. Mtafute mzee au mama wa pale umsikilize, na ukiruhusiwa mrekodi kwa simu ili sauti yake ndiyo iwe swali: anasikika akitaja jina, mchezaji anaweka kizibo.

Simu ina kazi nyingine pia. Kuna mchezo wa Kiswidi uitwao GeoGuessr, ulioanza 2013, ambao hukuonyesha picha ya mahali fulani duniani ukisie ni wapi, na kadiri unavyokaribia ndivyo unavyopata alama nyingi. Kwa wenye bando ni burudani nzuri. Lakini unaweza kujitengenezea wa kwako bila intaneti wala malipo. Piga picha za Oldeani kutoka Karatu mjini, Rhotia, Mang'ola na ukingoni mwa krateri. Waonyeshe wenzako picha hizo na uwaulize: mpiga picha alisimama wapi? Mlima ni uleule, ila bega lake linabadilika, na anayelijua bega hilo hapotei. Utaratibu wa alama uchukue wa mchezo huohuo wa Waswidi: kwenye manila yako kila mtu aweke kizibo, pima kwa rula umbali wa kosa lake kwa sentimita, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Utaratibu huo una haki kuliko ule wa patia au kosa, kwani aliyekosea kidogo anaonekana kuwa amekosea kidogo.

Ramani za simu zenyewe zitazame kwa jicho kali. Mjini ziko vizuri. Vijijini jina huweza kubandikwa mahali pasipo pake, au kijiji kizima kikakosekana huku hoteli ya jirani yake ina nyota na picha. Liwe swali la wiki: tafuteni kijiji ambacho hakipo kwenye simu. Kikipatikana, kiongezeni. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa 2004, inamruhusu mtu yeyote aliyejiandikisha kuweka jina la kijiji, njia au zahanati, na Tanzania tayari ina wazoefu: Ramani Huria wamefanya kazi hiyo Dar es Salaam, na Crowd2Map wamekuwa wakiijaza ramani ya vijijini tangu 2015. Sharti ni moja tu, uwe umefika au umemuuliza wa pale. Usinakili jina kutoka ramani nyingine, kwa sababu kosa la huko litahamia huku na kupata uzito wa kushuhudiwa mara mbili.

Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi asikate tamaa kwa kukosa karatasi. Uwanja unatosha. Chora kwa majivu wilaya nzima, kaskazini ya ramani ikiwa kaskazini ya kweli, halafu wape watoto majina badala ya vizibo: huyu ni Endabash, asimame kusini, huyu ni Mbulumbulu, asogee kaskazini mashariki, huyu ni Rhotia, akae barabarani mashariki ya mjini. Kisha waite majirani washikane mikono. Karatu yenyewe ishikane na nani? Ngorongoro kaskazini, Monduli upande wa mashariki, Mkoa wa Manyara kusini, na magharibi, ng'ambo ya Eyasi, Mkoa wa Simiyu. Huyo wa mwisho husahaulika kila mara kwa kuwa hakuna anayepita kwake kwa basi.

Mashindano yasizidi nusu saa, na yasiwe ya kuaibishana. Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni kwamba aliyejibu swali ndiye anatunga linalofuata. Kutunga ni kugumu kuliko kujibu: lazima uwe na uhakika, na lazima ukague ramani kabla wenzako hawajakurukia. Kadi zinazokosewa ziwekwe kwenye boksi lao zirudi kesho yake. Zinazopatikana zirudi baada ya wiki, na zikipatikana tena, baada ya mwezi.

Jambo moja zaidi, na hili wengi hulipuuza. Kila kadi inayohusu mpaka au makao makuu iandikwe mwaka pembeni. Katika ramani iliyochapwa kabla ya 2002 Babati iko Mkoa wa Arusha. Kabla ya 2012 jirani yetu wa magharibi ni Shinyanga, si Simiyu. Tangu 2022 baadhi ya familia za Ngorongoro zimehamia Msomera, Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga, na kwa watoto wao jina hilo limeshaingia katika jiografia ya nyumbani, kwa hiyo nalo lipate kizibo chake, mbali huko kusini mashariki, nje ya manila ya kwanza. Mipaka ya Loliondo na hifadhi imekuwa na mabishano makali, na kikao cha chemsha bongo hakitayamaliza. Uliza ramani hii inaonyesha nini na ni ya mwaka gani. Wakibishana, leteni ramani mbili za miaka tofauti, mziweke sambamba, mtafute kilichohama.